Wimbo Ambao Hakuna Aliyeuitikia

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Sepuka tupo, ila miguu ya babu yako imekataa, na uwele mwaka huu ni wa kuokoteza.

Umeniuliza neno "recant". Ni kukana hadharani ulichokisema. Padri aliyetufundisha alisema limetoka Kilatini: kuimba kwa kurudisha nyuma.

Mimi nilijaribu. Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa, jirani yetu Mama Eliya aligoma kuiacha nyumba yake. Niliona uchungu, sisi tumeng'olewa, yeye amebaki. Siku ya kupura uwele nikatunga wimbo kwamba ni mchawi, anazuia mvua. Wanawake wote wakaitikia. Tangu hapo hakuna aliyempa hata kaa la moto. Akaondoka, hatukumwona tena.

Mavuno yaliyofuata nikaanzisha wimbo mwingine: Mama Eliya hana kosa, mwongo ni mimi. Hakuna aliyeitikia. Zilisikika fimbo tu, zikipura.

Jana watoto walikuwa wanaruka kamba kisimani, wakiimba ule wa kwanza. Nikawakataza. Mmoja akauliza, "Kwani bibi, aliutunga nani?"

Nikajitwika ndoo yangu, nikaondoka.

Ni mimi, bibi yako.