Nyimbo Kumi, Kisha Nashuka

Jumatatu, mwezi wa saba 2014. Nakivale.

Shajara yangu, leo vumbi limeamka kabla yetu. Upepo wa kiangazi unalisukuma mpaka ndani ya sufuria, mapaja yananiuma hata nikikohoa, na nina furaha ambayo siwezi kuificha. Nitajisifu kidogo. Wewe huna mdomo wa kunisema.

Juzi Jumamosi nilifika Ruti kwa nguvu zangu mwenyewe.

Kila mwaka kwaya yetu huenda kwa baiskeli kutoka hapa kambini mpaka Ruti, kule Mbarara, kuimba ibada ya Jumapili pamoja na ndugu tuliokimbia nao kutoka Kivu Kusini. Ni safari ya siku nzima, tena ya milima. Tunaoendesha ni saba, na mwanamke ni mimi peke yangu. Wengine wote hupanda gari.

Mwaka jana nilianguka. Desturi yetu ni kufunga siku ya safari, kufunga kavu, bila hata maji, mpaka tufike. Nilikazana na wanaume tangu alfajiri, na kwenye mlima wa kabla ya Isingiro nikaona giza. Walinipakia kwenye pikapu ya ndizi. Niliingia Ruti nimekaa juu ya mikungu ya matoke, na kina mama wakanipa pole yenye kicheko ndani yake. Mume wangu akasema baiskeli sasa basi. Nilimwomba mwaka mmoja tu. Nikishindwa tena, aiuze.

Kwa hiyo mwezi mzima nilijifunza kwenda polepole. Usidhani ni rahisi. Mimi nimezaliwa na haraka, hata sala yangu ya chakula ni fupi. Nikajiwekea sheria: naimba huku nakanyaga pedeli, na pumzi ikikatika kabla ya ubeti kwisha, nimezidisha mwendo. Nyimbo kumi, kisha nashuka, nanyoosha mgongo, nakunywa maji.

Alhamisi nilimwendea shemasi Byamungu, kiongozi wetu wa safari, nikamwomba tufunge siku moja kabla ya safari. Alitikisa kichwa.

"Mama Neema, kufunga ndiyo nguvu yetu. Mutu hawezi kuenda kazi ya Mungu tumbo imejaa."

Sikubishana naye. Hapa naungama: Ijumaa nilifunga peke yangu, na Jumamosi kabla ya mapambazuko nilikunywa uji vikombe viwili jikoni, nimejificha kama panya. Chapati na chupa ya maji nikazificha kwenye kitenge. Njiani, kila nilipotaka kupumzika, nilisema mnyororo umetoka. Mara nne. Walinishauri ninunue mpya.

Mwishowe waliniacha. Nilipoona migongo yao ikipotea kwenye kona, haraka yangu ya zamani iliniwasha, nikatamani kuwafukuzia. Kutangulia si kufika, nilijiambia, ingawa sikuamini sana. Nikaendelea kuimba, na wachungaji wa ng'ombe wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili.

Kwenye mlima ule ule nilimkuta shemasi amekaa kando ya barabara, midomo imekauka, baiskeli imelala ubavuni mwake. Wenzake alikuwa amewaambia waende tu.

"Kichwa inazunguka, Mama Neema."

Ningeweza kupita. Nakwambia ukweli, nilitamani kupita, nimwachie yeye pikapu ya ndizi. Lakini nilikaa karibu naye, nikafungua kitenge, nikamweleza yote: uji, chapati, hata uongo wa mnyororo. Aligeuka akaitazama chapati.

"Kumbe ulikula."

"Nilikula, shemasi. Na wewe ukule. Mungu hakutuma mutu afie mu barabara."

Aliomba, sala ndefu sana kwa mtu mwenye njaa, halafu akanywa maji na kula. Tulipumzika mpaka jua likapunguza ukali. Kisha nikamwambia tutakwenda kwa wimbo, na asinipite. Alipokosa pumzi kwenye ubeti wa pili, nilipunguza mwendo. Penye mwinuko mkali tulishuka, tukasukuma baiskeli bila haya.

Tulifika Ruti wa mwisho. Wenzetu watano walikuwa wamelala chali kwenye mikeka, hawana hata nguvu ya kutuinukia. Mimi niliomba ndoo ya maji, nikaoga, nikaenda jikoni kuwasaidia kina mama wale wale kusonga ugali. Hakuna aliyenipa pole.

Jana baada ya ibada shemasi alisimama mbele ya watu wote. Nilidhani atanitaja kwa dhambi ya uji.

"Mwaka wenye kuja tutafunga siku ya mbele ya safari, na siku ya safari yenyewe tutakula," alisema. "Na Mama Neema ndiye atatutangulia. Akishuka, wote tunashuka."

Mume wangu, aliyekuwa amekuja na gari la kwaya, alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nililia mbele za watu na sikujali.

Sasa hivi jirani amepita na jembe begani, akanikuta nimejilaza kwenye mkeka Jumatatu mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kuliona tangu tuhamie hapa.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana," nimemjibu. "Niko napumzika."

Nikageukia ubavu wa pili.