Masale Uliyoyahamisha

Wusi

Baba Mwakio,

Usidhani nimekaa hapa mlangoni na kalamu kwa sababu ya upweke. Upweke niliuzoea wewe ungali hai, ukikaa Voi na gangi ya watengeneza reli na kuja mwisho wa mwezi na ratili moja ya sukari kama mtu aliyeleta ng'ombe. Ninakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na wewe umelala hapo chini ya migomba huwezi kunijibu. Hata ungekuwa hai usingejibu. Ungevaa kofia yako utoke.

Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wa kanisa alinifundisha mpaka nikaweza kusoma Zaburi, basi, tukaishia hapo. Herufi zikipanda na kushuka usicheke. Ulikuwa unacheka. Ulisema, "Mama Mwakio, maandishi yako ni mbuzi waliofunguliwa zizini." Siku ile nilicheka na mimi. Leo sina kicheko chako.

Nianze na mtoto. Mwakio amemaliza chuo kule Kampala, sasa anafundisha Voi. Amekonda. Asubuhi anakohoa, ananiambia ni vumbi la Voi, namtazama tu. Jumamosi anapanda kuja nyumbani, namwekea maziwa, anayasahau mezani mpaka nzi wanayapata. Yote ni kwa sababu ya ile kazi ya mashamba aliyoianza ukiwa hai, mliyozunguka nayo wewe na yeye na kamba ya kupimia. Imekuwa makala ya jiografia. Inataka kwenda Uingereza, kwa wasomi wenye jarida lao.

Anaeleza vile sisi watu wa milimani hatuna shamba moja. Kila nyumba ina kipande cha juu penye baridi, cha njegere na mboga, kipande cha katikati cha mahindi, kipande cha chini nyikani cha mtama, na kile cha bondeni kando ya kijito, chembamba, cha majimbi na miwa, ndicho kinacholisha watoto mvua ikikataa. Nikamwambia, na hilo ni la kuandika? Kila mtu analijua. Akasema, "Mama, wao hawalijui." Nikamwachia.

Wewe hukuona kazi ya kutayarisha makala. Bwana Okelo, yule karani wa stesheni uliyekuwa unacheza naye bao, ndiye anayemwazima taipureta wakitoka kazini. Wenye jarida wanataka karatasi ipigwe chapa upande mmoja tu, na kati ya mstari na mstari pabaki nafasi ya kupanda mstari mwingine. Nikauliza upande wa pili una kosa gani. "Ndiyo sheria yao, Mama." Herufi moja ikikosewa, ukurasa wote unarudiwa, na kaboni yake. Siku moja niliwapelekea ndizi za kuchemsha pale Voi, Okelo akaniambia, "Mama, ukurasa huu tumeuzika mara nyingi, na kila mara unafufuka na kosa jipya." Na ramani ichorwe kwa wino mweusi kwenye kitambaa maalum, kinachopitisha mwanga kama ngozi ya kitunguu. Anaichorea mezani kwangu. Nimefukuza kuku, nimehamishia moto nje, napika kwenye umande kama mchunga ng'ombe.

Na hofu je. Hizi siku za Hali ya Hatari, kijana mweusi anabeba ramani aliyochora mwenyewe. Askari walimshusha kwenye basi karibu na stesheni, wakaifungua palepale barabarani. "Unamchorea nani njia?" Okelo akatoka ofisini na kofia yake ya reli. "Hilo ni shamba la mama yake. Mnamkamata kwa majimbi?" Wakacheka, wakamwacha. Ndivyo ninavyoishi.

Sasa sikia lililonileta.

Mwakio aliwaandikia wenye jarida kwanza kuwaeleza kazi yake, wakamjibu kwamba wanaitaka, lakini aeleze amejuaje mipaka ya mashamba haya ambayo hayajapimwa na serikali. Akaketi hapa kwenye kigoda chako, akaandika jibu, akanisomea kwa Kiswahili, na uso wake umejaa furaha kama siku ile ulipomletea viatu. "Mipaka hii nilionyeshwa na marehemu baba yangu, aliyetembea nami shamba kwa shamba, na neno lake liliaminiwa na majirani wote." Halafu akanifungulia ramani. Ya kwanza, ile kubwa, ni ya mashamba yetu. Akashuka na kidole mpaka kwenye kijito. "Hiki chetu, mpaka kwenye mkuyu. Hiki chembamba ni cha Mama Saru."

Baba Mwakio. Chembamba.

Mama Saru ni mjane wa ndugu yako, tumbo moja. Ndugu yako alikwenda vita vya Burma hakurudi, mke akaenda kwao Taveta kulia msiba wake, na aliporudi alikuta masale, ile mimea tunayopanda mpakani, yamesogea bondeni mpaka karibu na maji yake. Ulimwambia mvua iliyang'oa, wewe ukayapanda tena kwa wema wako. Nilikwambia humu ndani, mbele ya moto, "Baba Mwakio, yarudishe." Ukasema, "Mwanamke mmoja na mtoto wa kike, bonde lote la nini?" Neno hilo sijalimeza mpaka leo. Na mimi je, ningebaki na mtoto mmoja, bonde langu lingekuwa la nini?

Lakini shamba ningekuachia. Umekufa, shamba lingerudi kidogo kidogo, jembe kwa jembe. Kinachonichoma ni kwamba siku ile mliyopima nilikuwa juu kwenye njegere, nikakuona umemshika mtoto bega, unamwonyesha yale masale kwa fimbo, naye anaandika. Umeiba kwa mkono wako, halafu ukaazima mkono wa mwanangu kuandika. Na bwana shamba anapita kila wiki akisema serikali inakuja kupima, kila mtu atapewa karatasi yake. Kitu kikishachapwa Uingereza, nani hapa Wusi atakwenda kukifuta?

Nitamwambia nini mtoto anayekusema hivyo? Kila akishika kalamu namwona anavyoinamisha kichwa kama wewe. Nikaomba. Wino ukamwagika kwenye ramani ya mwisho. Akaanza nyingine, kitambaa kikachanika. Dada yako Mkanyika akaja kutusalimu, akatazama kile kitambaa kilichochanika, akasema bila hata kukaa, "Nyumba hii ina mtu mwenye hasira. Kazi hii haitoki mpaka hasira itoke. Fanya kutasa kwa wazee wetu, uiteme, mke wa ndugu yangu."

Nikamwambia, "Wifi, mimi ni mtu wa kanisa."

"Na kanisa limekuondolea hasira?"

Alipoondoka nilivunja muwa, nikatafuna, nikajaza funda la maji yake kama mama yangu alivyokuwa akitasa, uyaseme ya moyoni halafu uipulize hasira nje iende na maji. Nikasimama nyuma ya nyumba nikielekea kaburi lako. Funda likakaa mdomoni mpaka likawa moto. Nikalimeza. Nitatasaje, na hasira ya kwanza si yangu? Mwenye hasira ya kwanza yuko bondeni, na muwa wenyewe niliotafuna umeota kwenye ardhi yake.

Basi nikaingia ndani nikamwambia Mwakio. Alikuwa anapanga kurasa. Nilimwambia yote, na fimbo, na mvua yako ya uongo. Akaweka kurasa chini. Halafu, "Baba alinionyesha kwa mkono wake." Nikasema, "Mkono wake huohuo." Akatoka. Hakula. Nilikaa mlangoni nikimtazama ameketi kwenye jiwe kule juu, amenipa mgongo, nikasema moyoni, nimemuua baba yake mara ya pili, sasa na mimi atanizika. Nilikulaani, nakwambia wazi. Nilikulaani kwa jina lako la ubatizo.

Jua likiwa bado juu akarudi, akaomba wembe. Wino ule haufutiki kwa raba, unakwanguliwa. Akaukwangua mpaka wako kwenye ile ramani kubwa, taratibu, kitambaa kisitoboke, akapuliza unga mweusi ukaanguka sakafuni kwangu. Akachora mstari mwingine pale nilipomwambia. "Twende kwa mama mdogo," akasema, "aseme mwenyewe kama ndipo." Nikamwambia asubiri wino ukauke. Hakusikia. Hilo nalo ni lako.

Tulimkuta Mama Saru ameinama kwenye majimbi, matope mpaka magotini. Hakunyosha mgongo. "Mmekuja kuchukua na hiki kilichobaki?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Kaa na shikamoo yako. Baba yako alikuwa na shikamoo nyingi."

Mwakio akatandaza ramani juu ya jiwe la kufulia, akapiga goti. "Nionyeshe. Wapi?"

Alimtazama sana. Mimi hakunitazama. Halafu akaja na kidole chake cha matope, hakikugusa kitambaa, kikaning'inia hewani juu yake. "Hapa mkuyu. Hapa jiwe. Hapa alipopanda mume wangu masale tulipooana." Kidole kikafuata ule mstari mpya mpaka mwisho.

"Na huko Uingereza watasoma nini?"

"Kwamba hiki ni chako."

Akavunja muwa. Nilidhani ana kiu. Akatafuna, akajaza funda, akatazama juu kwenye migomba yako, akasema huku amelibana mashavuni, maneno yakitoka kwa shida, kwamba umelala na bonde lake kifuani, ulitue, kwamba mtoto hakuiba, kwamba kazi ya mtoto iende ifike. Halafu akapuliza. Mtu hubariki kitu kilichopo mbele yake, na kilichokuwa mbele yake ni ramani.

Wino ulikuwa bado mbichi, mstari wote ukakimbia. Mpaka wa bonde ukaingia kijitoni, kijito kikaingia kwenye mahindi, Wusi nzima ikawa mafuriko. Mama Saru akaangalia wino, akatuangalia.

"Sasa mnanikodolea nini? Nimebariki."

Mwakio akacheka. Baba Mwakio, tangu tukuzike sikuwa nimesikia kicheko cha mtoto yule. Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongo huku nacheka na machozi, na Mama Saru mwisho, akitugombeza kwamba tumempotezea muwa mzima.

Amechora nyingine, kitambaa kipya, kila kitu upya. Hii imekauka, nimeilinda mwenyewe, hata mtu kupiga chafya nilimtoa nje. Ule mstari wa makala nao ameubadilisha. Nilitaka akuondoe kabisa. Alikataa. Ameandika kwamba alionyeshwa mipaka na marehemu baba yake, na akasahihishwa na wenye mashamba. Na mwisho kabisa, pale anapowashukuru watu, jina lako lipo, na la Mama Saru limekufuata. Nikamuuliza kwa nini akushukuru. Akasema, "Alitembea na mimi, Mama. Hilo ni kweli." Umeponea kwa mtoto. Kwangu usingepona.

Kurasa nimezishonea mfuko wa amerikani, mishono midogo midogo, maji yasipite. Kesho anashuka nazo Voi, Okelo atazipakia mwenyewe kwenye treni ya posta ya Mombasa. Naogopa meli. Naogopa hao wenye jarida wakatae, mtoto arudie tena kurasa zilezile na kifua kile. Naogopa askari wa barabarani. Wewe uliondoka bila hofu hata moja, ukaniachia na zako.

Masale nimeyang'oa. Tulikuwa wawili, mimi na Mama Saru, kwa jembe lako. Yalikuwa yameshika, mizizi minene kama vidole. Mwizi wewe, ulijua kupanda. Tumeyarudisha pale pa ndugu yako, tukayamwagilia. Alipoondoka alinipa majimbi ya jioni.

Sasa yeye ametema yake, na Mwakio amecheka yake. Iliyobaki ni yangu, na Mkanyika ananiuliza kila akipita. Namwambia bado. Nakuahidi hivi. Siku jarida litakaporudi hapa limechapwa, nikaona kwa macho yangu kile kipande ni kipana na kina jina la Mama Saru, nitamwomba muwa, nitakuja hapo migombani, nitayasema haya yote kwa mdomo, nitapuliza, yaishe. Wakikataa, Mwakio ataandika tena, na wewe utangoja tena. Mpaka hapo usinitokee ndotoni ukiomba maji.

Lala basi. Mvua imeanza, nimekufunika majani ya mgomba upande ule wa kichwa unaoshuka udongo. Usilihesabu kuwa ni msamaha. Kuna baridi.

Mimi mkeo,
Mama Mwakio