Salum Alivyocheza na Dekio

Mwanamkuu! Shoga, acha unachofanya usome. Salum wetu nusura afukuzwe kazi leo asubuhi!

Unazijua zile sinema za zamani za Kimarekani anazoangalia kwenye simu, watu wanaongea vizuri, mara wanaanza kuimba na kucheza. Anazipenda kwa sababu mle mtu akizidiwa na mawazo anacheza tu, na hakuna anayemwona mwehu.

Basi leo Ijumaa, siku ya mapumziko huko Uarabuni, jengo analolinda pale West Bay lilikuwa tupu. Salum, na sare yake ya ulinzi, kalikumbatia dekio, anashuka nalo ngazi akiimba. Akiimba, Mwanamkuu!

Kugeuka, bosi wake huyu hapa, na bibi wa Kiarabu mwenye jengo anatoka kwenye lifti.

"Salum! Unafanya nini?" bosi akafoka.

Dekio bado kalikumbatia, shoga! Akajiona yuko kwenye ndege anarudishwa Tanga.

Yule bibi akavuta kiti, akakaa. "Yalla, min jadid." Yaani aanze upya!

Salum akapanda ngazi, akaanza upya. Bosi ndiye aliyeamriwa apige makofi.

Nimemuuliza kama aliona aibu. Ananiambia mara ya pili ndiyo alicheza vizuri!