Kwa Baba Yeremia: Mishubiri Imechanua, na Mama Bado Tunaye

Mwaka umetimia, Baba yetu Yeremia Mihayo, tangu asubuhi ile ya Julai ulipoegemea ukuta wa jiko pale Mabatini, ukaomba maji, na kabla kikombe hakijakufikia ukawa umekwenda.

Miaka ishirini na saba ulifunga na kufungua kamba za kivuko Busisi. Ulirudi nyumbani na viganja vigumu kama gome, na mara nyingi na chipukizi la mshubiri ndani ya kopo la rangi. Uliipanda yote nyuma ya nyumba, chini ya lile jiwe kubwa la mteremkoni. Aliyeunguzwa na uji, aliyekatwa na bati, wote walikuja kwako, nawe ulikata jani bila kuuliza mtu ni wa nani. Ulizungumza na mimea yako kwa Kisukuma, ukidhani hatusikii.

Tunakupa habari za nyumbani, kwa sababu mwaka huu tumeogopa kuliko miaka yote.

Baridi ilipoingia, mishubiri yako ilichanua kwa pamoja, vikonyo vyekundu vikifika kifuani kwa Dorcas, kitinda mimba wako. Ndiye aliyebaki nyumbani na Mama, pamoja na mwanawe Precious. Kila asubuhi alipita kati ya jiwe na safu ya maua kwenda kuanika nguo.

Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, ndoo yake ilikwama. Njia iliyomtosha tangu utotoni ilikuwa haimtoshi. Alidhani amenenepa, akataka kucheka. Kisha akatazama maua. Vikonyo vyote vilikuwa vimeinama upande mmoja, kuelekea nyumbani, kama watu waliosukumwa mgongoni. Ardhi ilikuwa imepasuka. Alipoingiza vidole kwenye ufa, vilizama vyote. Akaweka kiganja kwenye jiwe. Lilikuwa linasaga, polepole, ndani kwa ndani.

Aliiacha ndoo pale pale, Baba.

Kando ya jiwe, jirani yetu Ngosha alikuwa wiki nzima akichimba udongo wa kujengea ukuta.

"Ngosha, acha kuchimba!" Dorcas alipiga kelele. "Jiwe linakuja!"

Ngosha alichungulia, akauona ufa, jembe likamponyoka. "Toa watu!" akasema. "Toa watu ndani!"

Precious alikuwa uani anapiga mswaki. Dorcas alimnyakua akamkimbiza hadi njiani, akarudi ndani mbio. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, kile kinachoelekea kwenye jiwe.

"Mama, tutoke. Jiwe linateremka."

"Jiwe hilo nimelikuta hapa," Mama alijibu, bila hata kugeuka. "Baba yenu hajatimiza mwaka. Nimwache peke yake niende wapi?"

"Mama, nakuomba."

"Nenda na mtoto wako."

Dorcas hajawahi kumpandishia Mama sauti; unajua ulivyotulea. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, Mama," akasema, kisha akamshika kwapani akamvuta. Mama akang'ang'ania kitanda. Dari lilianza kumwaga vumbi. Ngosha akaingia bila hodi, akashika miguu, wakambeba kama mgonjwa, naye analalamika kwamba wanamdhalilisha, mpaka kwenye duka la Justa ng'ambo ya njia.

Hawakuwa wamemkalisha sawasawa. Ukuta ulipiga kishindo, na jiwe likaingia chumba cha nyuma. Kitanda hakikuonekana tena. Justa alipiga yowe.

Hakuna aliyeumia. Sasa tumepanga vyumba viwili Mkuyuni. Ngosha amekuja mara tatu kuomba radhi, na mara zote tatu amelia. Mishubiri iliyopona ni tisa tu. Tumeihamisha, na bado ina maua.

Lakini hofu haikuisha siku ile. Jumapili iliyopita Dorcas na Mama walikuwa wanachambua dagaa, Mama akasema bila kuinua macho:

"Jiwe nililisikia tangu Jumatano ile. Lilikuwa linasaga ukutani. Ndiyo maana nilimhamishia Precious chumbani kwako, nikasingizia anarusha mateke."

Dorcas aliacha dagaa. "Mbona hukusema, Mama?"

"Nilidhani ni baba yenu amekuja kunichukua."

Tangu hapo Dorcas haogopi mawe. Anamwogopea Mama. Mama akinyamaza muda mrefu, anamsemesha. Akichelewa chooni, anamfuata. Akisema amechoka tu, Dorcas anaacha kazi zote na kuketi naye.

Kwa hiyo, Baba, tunakuomba jambo moja mbele ya wote wanaosoma hapa. Usimwite bado. Anamfundisha Precious kusuka mkeka, na hawajafika hata nusu. Tunajua u mpweke huko. Lakini akija, sisi huku tutakuwa wapweke zaidi.

Unakumbukwa na mkeo Tereza. Wanao Shigela, Queen na Dorcas. Mjukuu wako Precious. Dada yako Ng'washi wa Busisi. Na majirani wote wa Mabatini. Ibada ya kukuombea itafanyika Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwetu Mkuyuni. Mama atakuwepo.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Baba. Mama tuachie.