Mteremko wa Lushoto

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sie huku Chanika wazima. Mama yako kapanda mihogo, babu yako bado anakohoa.

Umeuliza kama uende na mchumba wako kuzunguka milima ya Lushoto kwa pikipiki, kama mie na babu yako tulivyozunguka kwa baiskeli. Hadithi hiyo ni yake. Yangu hakuna aliyewahi kuiuliza.

Kupanda nilitembea, nikisukuma baiskeli kwa nyuma, maana anayepakiwa kwenye keria hushuka baiskeli ikianza kupanda mlima. Sikulalamika. Siku ya kurudi, mteremko ulipoanza, babu yako akasema, "Ngoja nijaribu breki kwanza." Akateremka nayo peke yake. Nikangoja pembeni mwa msitu mpaka jua likahama. Nilifika Mombo kwa miguu, kandambili mkononi. Nikamkuta anakunywa chai, anawasimulia watu jinsi sisi wawili tulivyoshuka kama upepo.

Nenda, mjukuu wangu. Mteremko ukianza, usimwambie mchumba wako kitu. Mtazame tu.

Babu yako kauliza naandika nini. Nimemwambia safari yetu ya Lushoto. Kafurahi, anasema nisisahau kukuandikia ule mteremko.

Bibi yako