Kunja Ngumi kwa Fundi Cherehani

Shosti uko wapi?? Nimejiaibisha kwa fundi cherehani mpaka natamani nihame mtaa.

Nimeenda kupimwa lile gauni la harusi yako. Kapima mabega, kapima kiuno, vizuri tu. Akasema, "Lete mkono." Akanizungushia futi yake juu ya kiwiko.

Mimi huyo! Nikakunja ngumi, nikageukia ukutani, nikafumba macho. Halafu nikamwambia, "Jaribu wa kushoto, mishipa ya huu imejificha tangu juzi."

MISHIPA. Kwa fundi wa nguo 😭😭

Akasema, "Dada, mimi napima mkono wa gauni tu."

Wateja wawili kwenye benchi wakanigeukia. Ikabidi nijieleze: kila Jumatano na Jumamosi natolewa damu, miezi mitano sasa, mpaka yule wa maabara ananiita Mwenzetu. Nikawaonyesha na madoa yangu ya sindano. Wakacheka, nikacheka, mbavu zinauma.

Fundi peke yake hakucheka. Akayaangalia yale madoa, akauliza harusi lini. Nikamwambia Jumamosi, na nitaanzia maabara.

"Basi nakuwekea mikono mirefu, na vifungo hapa kwenye kiwiko. Utaenda umeshavaa. Wao wakifungua, wewe unafunga, unaondoka."

Eti gauni lenye mlango wa sindano!

Akaandika vipimo vyake, akafunga daftari. Mimi bado nimesimama, mkono nimeunyoosha. Akanigusa vidole taratibu.

"Achia ngumi, dada. Tumemaliza."