Katoni za Samaki wa Mazishi ya Mama

Fetu, asubuhi dukani uliangalia viatu vyako, nikakuona. Majimbi yamo sufuriani, wape watoto.

Jana katoni ya samaki wa kopo ilikuwa ikiuzwa tala themanini. Leo Tavita mwenye duka kasikia Mama amefariki, anajua hatuwezi kuwaaga wageni wa mazishi mikono mitupu, kapandisha hadi mia na ishirini. Nilipomuuliza mbele yako akacheka: "Dada, msiba wako, bei yangu!" Hata Baba alipokufa alitufanyia hivihivi.

~~Kanunue tu, tusiaibike.~~

Usinunue hata moja! Nimekwenda kuwaita wanawake wa kamati ya kijiji tukae mlangoni kwake. Wewe ndiye msemaji wa ukoo. Shika fimbo yako ya usemaji, njoo umseme mbele ya wateja wake, sasa hivi.

Dada yako